Kikaango Kinyamaze Kwanza: Mwongozo Kamili wa Mayai na Mboga za Kila Siku

Ukikata kimanda cha mboga ukaona kidimbwi cha maji kikitambaa sahanini, usiyalaumu mayai. Maji hayo yametoka kwenye nyanya, spinachi au uyoga ulioingia kikaangoni ukiwa mbichi. Mimi kwa muda mrefu nilidhani dawa ni kuongeza moto. Nikaongeza, mayai yakakauka, maji yakabaki palepale. Aliyenifungua macho ni mama mmoja tuliyekuwa tukibadilishana mapishi. Aliniambia nikaange mboga peke yake hadi kikaango kinyamaze, ndipo nitie mayai.

Maneno yake ni ya kuchukuliwa kama yalivyo. Mboga yenye maji haikaangiki, inachemka, na unasikia inabubujika na kufoka. Maji yakiisha sauti inashuka, unabaki na mtatariko mdogo wa mafuta. Sauti hiyo ikibadilika, mboga iko tayari kukutana na yai. Nimepika kwa kanuni hiyo miaka yote tangu siku ile, na mengi utakayosoma hapa ni namna tofauti za kuitumia.

Kwa nini mboga itangulie

Nyanya ni maji kwa takriban asilimia 94. Zukini (boga changa refu la kijani) inakaribia 95, kabichi na uyoga ni kama 92, spinachi kama 91. Maji hayo yamefungwa ndani ya chembe za mboga, na hutoka pale joto linapozilegeza.

Yai nalo lina mwendo wake. Ute huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi, kiini huwa kizito kwenye 65 na hushika kwenye 70. Likiendelea kupata joto kupita nyuzi 80, protini zake hujikaza na kukamua nje maji yaliyokuwa ndani yake. Kwa hiyo ukivitia vyote pamoja, mboga itakuwa ndiyo kwanza inaanza kutoa maji wakati yai limeshaganda. Na ukiamua kuisubiri mboga iive, yai litakauka na kuongeza maji yake juu ya yale ya mboga.

Mayai kabla ya kuvunjwa

Weka yai kwenye bakuli la maji baridi. Likilala chini kwa ubavu, ni jipya. Likisimama wima huku limegusa chini, ni la siku nyingi lakini kwa kawaida bado linafaa, hasa kwa kuchemsha. Likielea, nafasi ya hewa ndani imekuwa kubwa sana, na mimi huliacha. Hata hivyo kipimo hiki kinaonyesha umri tu. Harufu ndiyo hakimu, na ndiyo sababu ya kuvunjia kila yai kwenye kikombe chake kabla ya kulichanganya na wenzake. Yai moja bovu juu ya mengine matano mazima linauma.

Usiyaoshe mayai kabla ya kuyahifadhi. Ganda lina maelfu ya vitundu, na utando mwembamba unaoviziba huondoka kwa kuoshwa. Ukilikuta yai lina uchafu, lioshe wakati unakwenda kulipika. Na mayai uliyoyachukua kutoka kwenye jokofu yarudi kwenye jokofu.

Kila mboga na dawa yake

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mboga za majani: zioshe, zikung'ute, zitie kwenye kikaango kilichopata moto bila kuongeza maji. Yale yaliyoshikilia majani yanatosha. Zigeuze dakika 2 au 3 hadi zinywee, zitoe, ziache zipoe, kisha zikamue kwa mkono. Usione haya kukamua kwa nguvu. Rundo lililojaza sufuria litabaki ngumi moja, na bakuli la maji ya kijani litabaki pembeni, ambayo ni mazuri kwa supu. Baada ya hapo zikate na uzirudishe kwenye mafuta yenye kitunguu saumu kwa dakika moja tu.

Nyanya zina njia mbili. Kama unazitaka vipande ndani ya kimanda, zikate, ondoa mbegu na ute wake kwa kidole, nyunyiza chumvi kidogo, ziache kwenye chujio dakika 10. Kama unazitaka rojo, zipike mpaka mafuta yajitenge na nyanya na kuonekana pembeni. Hakuna njia ya tatu ya katikati. Nyanya zilizopikwa nusu ndizo zinazoharibu mapishi mengi ya mayai kuliko kitu kingine chochote.

Uyoga hutiwa kwenye kikaango kikavu chenye moto wa kutosha, bila mafuta na bila chumvi. Utatoa maji mengi hadi utashangaa. Yaache yakauke, usiyamwage, maana utamu uko humo. Uyoga ukianza kushika rangi ya kahawia ndipo utie mafuta, kitunguu na chumvi. Uyoga haugeuki kuwa mgumu kwa kupikwa sana kama yai linavyofanya, kwa hiyo usiuharakishe.

Zukini na biringanya: kwaruza zukini au ikate vipande vidogo, changanya na nusu kijiko cha chai cha chumvi, subiri dakika 15, kamua. Biringanya ina tabia ya kunywa mafuta kama sifongo. Vipande vyake vikikaa na chumvi dakika 30 kisha vikafutwa, vinakunywa mafuta kidogo kuliko kawaida na vinashika rangi vizuri. Kumbuka tu kupunguza chumvi kwenye mayai.

Bamia wengi wanaiogopa kwa utelezi wake. Ioshe ikiwa nzima, ikaushe kabisa kwa kitambaa, ndipo uikate vipande vinene. Kaanga kwenye moto mkali bila kufunika, na usiigeuzegeuze. Matone ya ndimu mwishoni yanausaidia utelezi kuisha. Bamia ya namna hii ndani ya mayai ya kuvuruga ni tamu kuliko watu wanavyoamini.

Viazi, karoti na koliflawa haviwezi kuiva ndani ya yai. Viazi vya vipande vya sentimita 1 vichemshwe dakika 6 hadi 8 kwenye maji ya chumvi, vimwagwe, viachwe vifuke mvuke hadi vikauke juu. Karoti ikwaruzwe, hapo dakika 4 kikaangoni zinaitosha. Njegere na maharage machanga hupitishwa kwenye maji yanayochemka, dakika 2 kwa njegere na 4 kwa maharage, kisha hukaushwa.

Kitunguu nakipa dakika 10 kwa moto mdogo, hata siku ninapokuwa na haraka. Kitunguu kibichi ndani ya kimanda kina ukali unaofunika kila kitu.

Na kabichi ya zambarau: ikigusana na ute wa yai hugeuka bluu au kijani. Si sumu na haijaharibika. Rangi yake hubadilika inapokutana na kitu chenye alkali, yaani kinyume cha kitu kichachu, na ute wa yai ni wa namna hiyo. Kijiko kimoja cha siki kwenye kabichi kabla ya mayai husaidia kuilinda.

Kupiga mayai

Kwa mayai 3, robo kijiko cha chai cha chumvi, pungufu kidogo kama mboga zilishatiwa. Tia chumvi dakika 10 hadi 15 kabla ya kupika. Mayai yataonekana mepesi na rangi itakolea kidogo, na yakipikwa yanashikilia maji yake vizuri zaidi kuliko yaliyotiwa chumvi dakika ya mwisho. Piga kwa uma hadi usione tena nyuzi za ute zinazoning'inia, basi. Povu jingi halihitajiki.

Maziwa siyatii. Kwenye mayai matupu yana nafasi yake, lakini ukiwa umehangaika kutoa maji kwenye mboga, kuongeza mengine kwenye yai ni kurudi nyuma.

Kuhusu kipimo: kwa kimanda cha kukunja cha mayai 3, vijiko 4 vya chakula vya mboga iliyokwisha kupikwa. Kwa kimanda nene cha mayai 6, vikombe 2. Zaidi ya hapo yai halina nguvu ya kushika mboga, na kimanda kinakatika.

Mayai ya kuvuruga na mboga

Ni pishi la asubuhi yenye haraka, na kosa lake ni moja: moto.

1. Pika mboga, zitoe kwenye kikaango uziweke kwenye sahani. Ndiyo, zitoe.
2. Futa kikaango, weka kijiko 1 cha mafuta au siagi, moto mdogo.
3. Mimina mayai. Subiri kingo zianze kuganda, kisha sukuma kwa mwiko kutoka pembeni kwenda katikati, taratibu.
4. Yakiwa yameganda theluthi mbili, rudisha mboga.
5. Epua yakiwa bado yanang'aa kidogo. Joto la kikaango litayamaliza ndani ya nusu dakika.

Ile hatua ya kuzitoa mboga inaonekana ya usumbufu, na wengi huiruka. Ukiiruka mayai yanaganda juu ya mboga na kuwa vibonge vya rangi ya udongo. Ukiifuata, unapata mayai ya manjano na mboga yenye rangi yake.

Kimanda cha kukunja

Kikaango cha sentimita 20 kinatosha mayai 3. Moto wa wastani. Mafuta yakipata moto, mimina mayai yote kwa mkupuo, inamisha kikaango huku ukiinua kingo ili mayai mabichi yateremke chini. Juu kukibaki na unyevu mdogo tu, tandaza mboga kwenye nusu moja, zikiwa za moto. Mboga baridi ndani ya kimanda haipati tena moto, kwa kuwa kimanda kinaondoka jikoni dakika hiyohiyo. Kunja, hesabu hadi kumi, teremsha kwenye sahani.

Kimanda nene, mlo wa watu wanne

Hili ndilo pishi ninalolipenda kuliko yote. Linalika la moto, linalika baridi, linabebeka, na linasamehe. Kikaango cha sentimita 24, kizito, chenye mfuniko unaokaa sawasawa.

Mchanganyiko wangu wa kawaida ni viazi 2 vya wastani, kitunguu 1, pilipili hoho 1 nyekundu na ngumi moja ya spinachi iliyokamuliwa. Hoho siiachi. Yai lina karibu kila vitamini isipokuwa vitamini C, na hoho nyekundu imejaa vitamini hiyo. Mafuta ya kiini nayo husaidia mwili kufyonza karotini ya hoho na spinachi, ile rangi ya mboga ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

1. Chemsha viazi kama nilivyoeleza, vikaushe.
2. Kaanga kitunguu kwa vijiko 2 vya mafuta, dakika 10. Tia hoho, dakika 6. Tia viazi, viache vishike rangi upande mmoja kabla ya kuvigeuza. Tia spinachi. Sikiliza: kukiwa bado kunabubujika, subiri.
3. Epua, acha mboga zipoe dakika 5. Piga mayai 6, changanya mboga na mayai ndani ya bakuli. Wengi humimina mayai juu ya mboga kikaangoni, lakini ukichanganya bakulini kila kipande kinavikwa yai na kimanda kinakatika bila kusambaratika.
4. Rudisha kikaango motoni na kijiko 1 cha mafuta. Yakiwa ya moto sawasawa, mimina mchanganyiko. Nusu dakika ya kwanza moto uwe wa wastani ili chini pasigande kwenye chuma, kisha ushushe hadi mdogo kabisa.
5. Funika. Dakika 8 hadi 10. Kipanguse kifuniko mara moja katikati, kwa sababu mvuke unaoganda pale hudondoka juu ya mayai, na tutakuwa tumerudisha maji tuliyoyafukuza.
6. Tikisa. Kingo zikiwa zimeshika na katikati panatikisika kidogo, pitisha kisu pembeni, telezesha kimanda kwenye sahani bapa, funika sahani kwa kikaango, pindua vyote pamoja kwa ujasiri. Dakika 2 upande wa pili.
7. Kipe dakika 10 kabla ya kukikata.

Kama kupindua kunakutia hofu na unayo oveni, kikaango kisicho na mpini wa plastiki kiingie kwenye nyuzi 180 kwa dakika 8 hadi 12 baada ya hatua ya nne. Hakuna anayepoteza chochote.

Mwenzangu mmoja hutumia koliflawa na njegere badala ya viazi. Mwingine huweka biringanya na nyanya zilizotolewa mbegu. Vyote nimevijaribu, vyote vinakubali. Kilichokataa ni tango, hata lilipokamuliwa.

Mayai ndani ya rojo la nyanya

Hapa maji tunayataka, ila mazito. Rojo jepesi hulifanya yai litawanyike kama wingu na kiini kuzama.

Kaanga kitunguu 1 kikubwa na hoho 1 kwa vijiko 3 vya mafuta hadi vilainike. Tia punje 3 za kitunguu saumu zilizopondwa na kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba, nusu dakika tu, visiungue. Tia nyanya 6 zilizokatwakatwa na chumvi. Pika bila kufunika dakika 12 hadi 15. Pitisha mwiko katikati: mfereji ukijifunga papo hapo, bado. Ukibaki wazi kwa muda kisha ukajifunga polepole, rojo limefika. Likiwa kali kwa uchachu, karoti ndogo iliyokwaruzwa inalituliza vizuri kuliko sukari.

Shusha moto. Chimba vishimo 4 kwa mgongo wa kijiko, vunjia yai kikombeni, teremsha kila moja kwenye kishimo chake. Sasa kuna jambo dogo linalosaidia sana: kwa ncha ya kijiko, vuta ute wa pembeni uchanganyike kidogo na rojo, bila kugusa kiini. Ute ndio unaochelewa kwa kuwa umekaa mbali na joto, na bila kufanya hivi kiini huwa kigumu kabla ute haujaganda. Funika dakika 5 hadi 8.

Kiini laini ni kitamu, nakubali. Lakini kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na mgonjwa, pika hadi kiini kishike, kwa sababu bakteria wa salmonela huweza kuwa ndani ya yai hata ganda likiwa safi na zima. Hapo sina mjadala.

Mayai ya kuchemsha na mboga za kukaanga

Maji yachemke kwanza, kisha teremsha mayai kwa kijiko. Dakika 7 kiini ni laini, 9 au 10 kiko katikati, 12 kimeshika kote. Ukiishi mahali pa mwinuko mkubwa, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo ongeza dakika moja au mbili. Yatoe, yatumbukize kwenye maji baridi sana. Ule mduara wa kijani unaozunguka kiini ni chuma cha kiini kilichokutana na salfa ya ute kwa kupikwa kupita kiasi. Haudhuru, lakini ni dalili kwamba yai limekaa motoni muda mrefu.

Mayai mapya kabisa humenyeka vibaya, ute unang'oka na ganda. Ya wiki moja hivi yanamenyeka vizuri, kwa hiyo mayai mapya yaache kwa kimanda.

Yakishamenywa, yakate nusu uyalaze juu ya kabichi iliyokaangwa kwa moto mkali na karoti na tangawizi, au maharage machanga yenye vitunguu saumu. Kama unayataka ndani ya mchuzi wa mboga, yatie dakika 3 za mwisho tu, yapate moto na ladha.

Supu ya nyuzi za yai

Haraka: supu ya mboga iliyokwisha kuiva, lita 1, ikichemka taratibu. Koroga kijiko 1 cha chakula cha wanga wa mahindi kwenye maji baridi kidogo, mimina, subiri ishike uzito. Zungusha supu kwa mwiko, mimina mayai 2 yaliyopigwa kwa mkondo mwembamba kama uzi. Usikoroge kwa sekunde 20. Zima. Ukikoroga mapema nyuzi zinavunjika na supu inakuwa na ukungu.

Kilichobaki

Chakula cha mayai kisikae mezani zaidi ya saa 2. Kiingie kwenye jokofu kikiwa kimefunikwa, kiliwe ndani ya siku 3 au 4. Kukipasha moto, tumia moto mdogo na mfuniko, maana moto mkali utakikamua maji upya. Mayai ya kuchemsha usiyagandishe kwenye friza, ute wake unakuwa kama mpira.

Kimanda nene cha jana mimi sikipashi kabisa. Nakikata vipande vyembamba kama vidole, nakaanga kabichi na karoti hadi kikaango kinyamaze, nazima moto, ndipo navitia vipande juu na matone ya ndimu.